Nauza Chipsi, na Naitaka Sheria ya Mafuta

Nauza chipsi Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma. Nilianza wakati Serikali inahamia huku, baada ya lile tangazo la 2016, mji ulipoanza kupokea wageni kila siku na vibanda vikaota kila kona. Wateja wangu wakubwa ni wanafunzi, halafu bodaboda na mafundi ujenzi. Naandika haya kwa sababu kila mazungumzo ya presha na kisukari yakianza, hakosekani mtu wa kusema kula ni hiari ya mtu, hakuna anayelazimishwa. Mimi niko upande wa pili wa meza, chujio mkononi, na ninaona hiari hiyo inaishia wapi. Nataka Serikali iweke sheria ya mafuta ya kukaangia, na nataka initoze adhabu mimi nikiivunja, sawa na jirani yangu.

Biashara yetu huku inakwenda na boom. Mkopo ukiingia, mwanafunzi anaagiza chipsi kuku, mishikaki juu, soda baridi pembeni. Wiki zikisogea anashuka kwenye zege, yaani chipsi mayai, kisha chipsi kavu, na mwisho wanakuja wawili kwa sahani moja na kuomba kabichi iongezwe ili sahani ijae. Wanauliza bei. Wanauliza kama ni za moto, kama pilipili ipo. Swali la mafuta haya yana siku ngapi karaini, sijawahi kuulizwa. Na hata nikiulizwa, anayeuliza atajuaje kama nimemjibu kweli? Chipsi zilizotoka kwenye mafuta ya siku tano, ukizinyunyizia chumvi na kuzimwagia tomato, hazina tofauti kubwa ulimini na zilizotoka kwenye mafuta ya leo.

Ngoja nieleze kinachotokea karaini, maana watu wengi wanaokula hawajawahi kukiona.

Mafuta mapya ya alizeti ni ya njano nyepesi, unaona hadi chini ya karai. Ukitumbukiza viazi, povu linapanda kubwa, linapasuka kwa kelele, na viazi vikiiva linatulia. Siku zinavyokwenda rangi inageuka hudhurungi, kisha inakaribia weusi. Povu nalo linabadilika: linakuwa dogodogo, zito, na halitulii hata ukiopoa viazi vyote. Moshi unaanza mapema, kabla karai halijashika moto sawasawa, na unachoma macho. Kwenye ukingo wa karai kunajijenga utando unaonata ambao sabuni na steelwire havitoshi kuutoa. Ukifika hapo, viazi vinanyonya mafuta zaidi na vinatoka vimelegea.

Mteja wangu mmoja, mwalimu wa kemia, ndiye aliyenieleza sababu. Chipsi zinakaangwa kwenye joto la nyuzi 170 hadi 180 hivi. Kwenye joto hilo mafuta yanakutana na hewa, yanakutana na maji yanayotoka kwenye viazi, na yanavunjika kidogo kidogo na kuzaa vitu ambavyo havikuwamo siku dumu lilipofunguliwa. Jiko la mkaa nalo halina swichi ya kulinda joto. Ukipepea, linapitiliza, na ukimhudumia mteja dakika mbili, linashuka. Halafu kuna lile kabati la vioo: chipsi zinakaangwa nusu, zinawekwa kabatini, mteja akifika zinarudishwa kwenye mafuta. Karai halipumziki tangu saa kumi jioni hadi usiku wa manane.

Hapo kuna jambo linaloniumiza zaidi, kwa sababu linahusu zao letu. Dodoma na Singida ndiko nyumbani kwa alizeti. Mwaka 2021 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliihimiza sana mikoa hii pamoja na Simiyu ilime alizeti ili nchi ipunguze kuagiza mafuta nje. Na kiafya alizeti ina sifa yake: mafuta ya mawese karibu nusu yake ni yale yanayoganda na kuchangia kupandisha lehemu (kolesteroli) kwenye damu, wakati kwa alizeti sehemu hiyo ni kama moja ya kumi tu. Lakini alizeti ya kawaida haivumilii kuchemshwa mara kwa mara kama mawese inavyovumilia, inavunjika haraka zaidi. Kwa hiyo mchuuzi anayejinyima anunue alizeti ya kwetu, akiyarudia mafuta hayo hayo siku nne au tano, faida yote inaishia jikoni. Kubandika neno "alizeti" ukutani hakumsaidii mlaji kama hakuna anayehesabu siku.

Mitaani watu wanaogopa hadithi ya chipsi kukaangwa kwa mafuta ya transfoma za umeme. Kila anayetaka kutusema wauza chipsi anaanza na hiyo. Mimi sijawahi kukutana nayo. Nilichokutana nacho ni mafuta mazuri kabisa ya kula yaliyopitishwa mikono mingi. Kuna bwana mmoja alikuwa akipita jioni na pikipiki, madumu mawili nyuma, akituuzia mafuta yaliyokwishatumika kwenye jiko la sehemu kubwa ya chakula mjini. Anayachuja kwa kitambaa, yanapendeza kidogo, na bei yake ni kama nusu ya dukani. "Mama, haya yamekaangia kuku tu, hayana shida." Nilifungua kifuniko kimoja. Harufu ya samaki ilinipiga usoni kabla sijainama. Nilikataa, lakini dumu lile halikurudi mjini. Lilishuka vibanda vichache mbele, na usiku ule watu walikula kama kawaida, wakicheka, wakilipa kwa simu, kila mmoja akiamini amechagua mwenyewe anachokula.

Niliamua mafuta yangu yasivuke siku ya pili. Ili nisifilisike nilipandisha sahani kwa shilingi mia tano na nikaandika kwenye kibao: mafuta yanabadilishwa kila baada ya siku mbili. Wapo waliofurahi na kuniambia nimefanya jambo la maana, na wachache kati yao wanakuja hadi leo. Wengi walivuka barabara. Mwanafunzi mmoja ninayempenda, mtoto mwenye adabu ambaye hapiti bila kunipa shikamoo, aliniambia wazi: "Mama, zako tamu, lakini pale jero inabaki." Siwezi kumlaumu. Mtu anayehesabu mia tano hadi mwisho wa mwezi hawezi kununua kitu asichokiona.

Nikaenda kwa jirani yangu wa pale ng'ambo, kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza. Si mtu mbaya. Amehamia huku na mkewe na mtoto mdogo, anaamka alfajiri kwenda Majengo kufuata viazi, na kibanda chake ni kisafi kuliko vingi. Nilimweleza habari za mafuta. Alinisikiliza hadi mwisho, akafuta mikono, akasema: "Mama, unachosema ni kweli. Ila mimi nikimwaga peke yangu, kodi ya fremu nailipa na nini? Wote tukimwaga, na mimi namwaga."

Nimeyabeba maneno hayo hadi leo, kwa sababu sijasikia hoja iliyonyooka kuliko hiyo kwa mtaalamu yeyote. Yule kijana hakuwa anaomba ruhusa ya kudhuru watu. Alikuwa anasema mtu mmoja hawezi kubeba gharama ya uaminifu wakati soko linamlipa asiye mwaminifu.

Tulijaribu kuifanya iwe ya wote kwa hiari yetu. Kwenye kikundi chetu cha kukopeshana tulikubaliana kiwango: mafuta yasizidi siku mbili, na bei ya sahani iwe moja kwa wote. Ikaenda vizuri muda wa kutosha kunipa moyo. Halafu ikaja ile 2022, bei ya mafuta ya kula ikapanda nchi nzima, ndoo ya lita 20 ikawa kitu cha kuingia nacho dukani umeshika kifua. Hakuna aliyesimama kikaoni kusema anavunja makubaliano. Mmoja alisogeza siku ya tatu, wa pili akaona, na baada ya muda kibao changu kikabaki peke yake. Tulikuwa watu wema waliokubaliana kwa nia njema, na nia njema ilishindwa na ndoo moja ya mafuta.

Sasa linganisha na mifuko ya plastiki. Wengine wamesahau kwamba chipsi za moto tulikuwa tunazimimina kwenye mfuko laini wa nailoni, mtu anazibeba hadi nyumbani zikitoa jasho ndani. Wote tulikuwa tunaona ule mfuko unavyolegea kwa joto. Aliyenunua maboksi au karatasi za kufungia alionekana anajipa gharama za bure. Lilipokuja katazo la Juni 1, 2019, tulilalamika, tukasema biashara itakufa. Haikufa. Tulihama wote siku moja na hakuna aliyepoteza mteja, maana mteja hakuwa na kibanda kingine cha kukimbilia. Hata viroba, vile vipakiti vya pombe kali vilivyokuwa vikiuzwa kama pipi, vilipigwa marufuku Machi 1, 2017 na maduka ya mtaani yakaendelea kuishi. Kwa hiyo nikisikia kwamba Serikali haiwezi kufika kwenye kibanda cha chipsi, sikubali. Mwishoni mwa 2018 ilifika kwenye vibanda vya nchi nzima na vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vya shilingi 20,000. Ikitaka, inafika.

Usiku mmoja suala hili lilizua mjadala mkali mezani kwangu. Kijana mmoja alishikilia msimamo kwamba Serikali isiingie kwenye sahani ya mtu: leo mafuta, kesho watakupangia idadi ya mayai. Binti anayesoma sheria akamletea kesi ya Marekani. Mwaka 2002 wasichana wawili wa New York, kupitia wazazi wao, waliishtaki McDonald's wakidai chakula chake kimewanenepesha na kuwaharibia afya. Januari 2003 Jaji Robert Sweet akaitupa kesi, huku akiruhusu waiandike upya, kwa hoja kwamba mtu anayejua kula sana vyakula vile kunanenepesha hawezi kumtupia muuzaji lawama. Kijana akapiga meza kwa furaha. "Kaka, subiri nimalize," binti akamwambia. Katika hukumu hiyo hiyo jaji alivizungumzia vile vipande vya kuku vinavyouzwa kama McNuggets, akaona vimetengenezwa kwa vitu vingi ambavyo mpishi wa nyumbani hatumii, na kwamba hapo hoja ya mlaji kujua anachokula inaweza isisimame. Meza ilinyamaza kidogo. Mimi nilikuwa nageuza zege, lakini nilimwelewa vizuri. Unene unaotokana na kula chipsi kila siku, hilo jambo mlaji analijua. Umri wa mafuta nilioukaangia, ninaujua mimi tu. Siwezi kumwambia abebe wajibu wa kitu nilichokificha chini ya kabati.

Na hata hiari ile ya kawaida, ya kula au kutokula, ina mipaka yake. Mdogo wangu ni bodaboda. Kijiwe chake kiko njia ya kwenda mjini, na abiria wake wazuri ni wa usiku. Alipimwa presha kwenye zoezi la upimaji wa bure, ikakutwa juu, akaambiwa apunguze chumvi na mafuta, ale mboga. Nilimkumbusha chakula alichokulia, ugali wa uwele na mlenda, mama yetu aliupika kila siku na hatukuukinai. Akaniambia: "Dada, saa nne usiku nikale mlenda wapi?" Nilitafuta jibu na sikulipata. Mama lishe wa mchana amefunga. Genge limefungwa. Kuanzia jioni, barabara nzima ina taa za vibanda vya chipsi na mihogo ya kukaanga, na mtu mwenye njaa na pikipiki anachagua kati ya karai langu na la jirani. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta karibu robo ya watu wazima wa miaka 25 hadi 64 nchini wana presha ya kupanda, na takribani asilimia 9 wana kisukari. Hao wote hawakukosa akili kwa pamoja.

Sisemi mtu hana wajibu wake. Mimi mwenyewe nyumbani sipiki chipsi, wanangu wanakula ugali na mboga, na soda tunaitoa siku ya sherehe. Soda nyingi za kawaida zina sukari kama gramu 10 kwa kila mililita 100, yaani chupa ya mililita 350 ina karibu vijiko tisa vya chai. Hakuna mama anayeweza kumwekea mtoto vijiko tisa kwenye kikombe kimoja akijiona. Mzazi anaweza kukataa soda. Mwanafunzi anaweza kula zege mara moja kwa wiki badala ya kila siku. Nawaambia wateja wangu hivyo, hata kama kuna watu wa kunishangaa kwa kujipunguzia mauzo. Lakini Afrika Kusini hawakumwachia mama peke yake. Kuanzia Aprili 2018 wanatoza kodi kwenye vinywaji kwa kila gramu ya sukari inayozidi 4 kwa mililita 100, na viwanda vikapunguza sukari kwenye chupa zao. Chumvi ya mkate nayo waliiwekea kikomo kwa kanuni za 2013 zilizoanza kutumika 2016. Mnunuzi wa mkate hakubadilisha chochote kwenye maisha yake, ila chumvi ilipungua.

Kwa mafuta ya kukaangia, mfano mzuri zaidi uko India, nchi yenye wachuuzi wa barabarani wengi kuliko sisi. Tangu Julai 1, 2018 mamlaka yao ya chakula imeweka kwamba vile vitu vinavyozaliwa mafuta yakivunjika vikizidi asilimia 25, mafuta hayo hayafai tena kupikia. Ufaransa nayo ina kikomo cha asilimia 25. Kuna kifaa kidogo cha mkononi cha kupimia, unakichovya kwenye mafuta ya moto na kinakupa jibu palepale. Kuna hata vipande vya karatasi vinavyobadilika rangi. Mabwana afya waliowahi kufika kwangu waliangalia cheti changu cha kupima afya, aproni, ndoo ya kunawia, na shimo la taka. Ni mambo ya lazima na sina kinyongo nayo. Mafuta hawajawahi kuyagusa. Nikipewa nafasi ya kuomba kitu kimoja, ningeomba kifaa kile kiwe kwenye mkoba wao.

Lakini nina hofu zangu, na wauza chipsi wenzangu wanazo. Sheria ikija kwa namna ya mgambo kubeba majiko yetu na kumwaga viazi barabarani, itakuwa imetuadhibu kwa umaskini na mafuta yatabaki vilevile. Ikija na faini kubwa isiyo na kipimo, yaani mkaguzi anatazama karai na kusema "haya meusi", tumefungua mlango wa rushwa. Kipimo ndicho kinachonilinda mimi na mkaguzi pia. Tazama lumbesa. Sheria ya vipimo inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100, kila mkulima na kila dalali analijua hilo, na bado nanunua viazi kwenye magunia yaliyoshonewa kilemba juu. Sheria ipo, lakini pale gunia linapobadilisha mikono hakuna mizani.

Kwa hiyo ningetaka waanze na elimu kwa muda unaoeleweka, kisha upimaji, kisha onyo, na faini iwe ya mwisho kwa anayerudia. Waanze na jikoni kubwa za mjini kabla ya kushuka kwetu, maana madumu yale ya pikipiki yanatoka huko. Vibanda vinavyowahudumia watoto wa shule za msingi wakati wa mapumziko vipimwe mara nyingi zaidi, kwa sababu mtoto wa darasa la tatu mwenye shilingi mia mbili hana wajibu wowote wa kuchunguza karai la mtu mzima.

Na muhimu kuliko yote, mafuta yaliyochoka yapate pa kwenda. Leo nikimwaga, namwaga hela, na namwaga kwenye mtaro. Mafuta hayo yanaweza kutengeneza sabuni na hata dizeli ya mimea. Kukiwa na mtu mwenye kibali anayepita kila wiki kuyakusanya, akinilipa hata robo ya bei ya dukani kwa kila lita na kuniandikia risiti, mkaguzi akija ataangalia risiti zangu na kujua nimebadilisha mara ngapi. Yule bwana wa madumu atakosa cha kubeba. Na kijana wa ng'ambo nitamwendea tena kumkumbusha alichoniahidi.